Ushuru wa Ngano wa Uingereza: Ni Nani Aliyekula Faida?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu kuna ubishi usiokwisha juu ya bei ya mahindi. Mkulima wa Kitale ataka gunia lipande bei. Karani wa Nairobi ataka unga ushuke. Na mara nyingi watu hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, waketio pamoja kula wakati wa Krismasi. Kila mmoja huitazamia Serikali imsaidie, na kila mmoja husema kwamba analolitaka ni kwa faida ya nchi nzima. Ubishi huo si mpya. Waingereza walibishana juu yake muda wa miaka 31, tangu mwaka 1815 hata mwaka 1846, na katika ubishi huo yalipata nguvu mawazo mengi tuyasikiayo hata leo juu ya uhuru wa mtu, juu ya soko, na juu ya mpaka wa kazi ya Serikali. Habari zao zafaa kusomwa na mkulima na karani pia.

SHERIA YA MWAKA 1815

Vita vikuu vya Waingereza na Napoleon vilikwisha mwaka 1815. Katika miaka ile ya vita nafaka ya nchi za nje iliingia Uingereza kwa shida, na kwa hiyo bei ya ngano ilipanda sana. Wenye ardhi walifurahi. Hata miteremko ya vilima isiyofaa kwa kilimo ilitiwa jembe, na kila mkataba wa kupangisha shamba ulipokwisha, kodi iliongezwa. Yafaa msomaji ajue kwamba katika Uingereza ya siku zile mwenye ardhi na mkulima hawakuwa mtu mmoja. Bwana mkubwa alikuwa na ardhi. Mkulima aliipanga kwake kwa kodi ya kila mwaka. Na kibarua, asiyekuwa na ardhi wala mkataba, ndiye aliyeshika jembe kwa ujira wa juma. Watu watatu hao wakumbukwe, kwa maana shauri lote limesimama juu yao.

Amani ilipokuja, wenye ardhi waliogopa ngano rahisi ya Ulaya. Nao ndio waliokuwa wengi katika Bunge. Basi wakatunga Sheria ya Nafaka, iliyokataza ngano ya nje kuuzwa nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kipimo kilichotumika wakati ule, ambacho uzito wake ni karibu magunia mawili na nusu ya siku hizi. Kibarua wa shamba katika wilaya nyingi za kusini hakupata zaidi ya shilingi 10 kwa juma. Watu wa London walipopata habari walizipiga mawe nyumba za wakubwa wa Serikali, na askari wa jeshi wakawekwa kulilinda Bunge wajumbe walipokuwa wakilijadili shauri lenyewe.

Mwaka 1828 sheria iligeuzwa kidogo. Badala ya kufunga mlango kabisa, uliwekwa ushuru wa kupanda na kushuka: bei ya nyumbani ikiwa chini, ushuru wa ngano ya nje huwa mkubwa, bei ikipanda, ushuru hupungua, na bei ikifika shilingi 73, ushuru hubaki shilingi moja tu. Yaonekana ni mpango wa busara. Walakini tazama jinsi wafanya biashara walivyoutumia. Mtu aliyekuwa na ngano katika ghala za bandarini hakuitoa bei ilipoanza kupanda, kwa kuwa alijua kwamba akingoja kidogo ushuru utapungua. Akangoja, na wenzake wakangoja, na watu wakanunua mkate kwa bei ya kuumiza. Kisha bei ilipofika pale walipopataka, wote walizifungua ghala kwa siku moja, ngano ikamwagika sokoni, na bei ikaanguka juu ya kichwa cha mkulima aliyedhani kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili yake. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuituliza bei ndiyo iliyoifanya irukeruke.

Wenye ardhi hawakukosa hoja. Walisema kwamba nchi inayokula chakula cha wageni itashikwa koo siku ya vita, na neno hilo si la kuchekwa. Mwalimu Thomas Malthus, mtu mwenye elimu na moyo safi, alikuwa upande wao. Rafiki yake David Ricardo alimpinga katika kijitabu alichokitoa mwezi wa Februari mwaka 1815, nao waliendelea kuwa marafiki hata Ricardo alipokufa mwaka 1823, jambo ambalo wanasiasa wa leo wangeweza kuliiga. Hoja ya Ricardo kwa ufupi ilikuwa hii: bei ya ngano ikipanda, faida haikai mkononi mwa mkulima. Wakulima wengi wataka shamba moja, kila mmoja aongeza kidogo ili alipate, na mwisho nyongeza yote ya bei hugeuka kuwa kodi ya mwenye ardhi. Mkulima hutoka jasho lile lile, kibarua hula mkate wa ghali, na bwana mkubwa hupata fedha akiwa usingizini.

NAHODHA NA POSHO

Kabla ya hao wote alikuwapo Adam Smith wa Uskoti, aliyetoa mwaka 1776 kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Ndani yake mna sehemu ndefu juu ya biashara ya nafaka. Katika siku zake, kama katika siku zetu, mtu aliyenunua nafaka wakati wa mavuno na kuiweka mpaka wakati wa njaa aliitwa mlanguzi, akachukiwa na watu wote. Smith alisema hofu hiyo yafanana na hofu ya uchawi: watu wapatwa na msiba, nao wamtafuta mtu wa kumtwika. Mfano wake ni wa nahodha wa chombo. Nahodha aonaye kwamba chakula kimepungua, na bandari bado i mbali, huwapunguzia mabaharia posho mapema. Wao humnung'unikia, lakini hufika salama. Mfanya biashara wa nafaka, ingawa hafikirii ila mfuko wake, hufanya kazi ile ile: mavuno yakiwa mabaya hupandisha bei mapema, watu hupunguza kula, na kilichopo huenea mpaka mavuno mengine. Akizidisha tamaa na kuificha nafaka mno, mavuno mapya humkuta ghala yake ingali imejaa, na hasara huwa yake.

Lakini Smith hakuwapenda wafanya biashara kama watu wengine wasemavyo. Alionya kwamba watu wa biashara moja wakikutana, hata kwa karamu, mazungumzo yao huishia kwenye njama ya kupandisha bei. Dawa yake ilikuwa wingi wao: asiwepo hata mmoja mwenye ruhusa ya pekee kutoka kwa Serikali, na kila mtu awe huru kuingia katika kazi hiyo. Wala hakuifukuza Serikali. Alitaka ilinde nchi, itoe haki mahakamani, ijenge barabara na madaraja, na isaidie kuwafundisha kusoma watoto wa watu maskini.

Sisi makarani tutafurahi kusikia kwamba mtu huyu mwenyewe aliingia kazi ya Serikali. Mwaka 1778 aliwekwa kuwa mmoja wa wakubwa wa forodha katika Uskoti. Alipoisoma orodha ya bidhaa za nje zilizokatazwa, alishangaa kuona kwamba karibu tai zake zote na leso zake za mfukoni zilikuwa haramu kuvaliwa. Akazichoma moto zote ili awe mfano kwa wengine, kisha akamwandikia rafiki mmoja barua juu ya jambo hilo, akimshauri asizichungulie nguo za nyumbani kwake.

WATU WA MANCHESTER

Mawazo ya kitabuni hayavunji sheria. Mwaka 1838 watu wa Manchester, mji wa viwanda vya pamba, waliunda chama cha kupinga ushuru wa nafaka, na mwaka uliofuata kikawa chama cha nchi nzima. Kiongozi wake alikuwa Richard Cobden, mfanya biashara ya vitambaa, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa Sussex aliyelipoteza shamba lake. Mwenzake alikuwa John Bright wa Rochdale. Mwaka 1841 Bright alifiwa na mke wake kijana, na Cobden alipokwenda kumpa pole alimwambia kwamba zimo nyumba maelfu nchini ambamo wake na watoto wanakufa kwa njaa, na kwamba majonzi yake yatakapopungua waende pamoja wasipumzike hata sheria ile iondolewe. Nao walikwenda.

Chama chao kilikuwa na bahati ya wakati. Mwaka 1840 Serikali ilianza kupeleka barua mahali po pote nchini kwa peni moja, nacho kikaijaza mifuko ya posta kwa vijitabu. Reli mpya ziliwachukua wasemaji wake kutoka mji hadi mji. Cobden hakuhutubu mijini tu. Alikwenda mpaka kwenye minada ya mashambani, akawauliza wakulima mbele ya mabwana zao: tangu sheria hii iwekwe, kodi yenu imepanda au imeshuka? Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko hotuba ndefu.

Ni haki kusema kwamba wenye viwanda nao walikuwa na lao. Wafanya kazi wengi waliwashuku, wakisema: hawa wataka mkate uwe rahisi ili watulipe ujira mdogo. Cobden alikana, akasema ujira haufuati bei ya mkate, bali hufuata wingi wa kazi, na kwamba mgeni asipouza ngano yake Uingereza hatakuwa na fedha za kununua kitambaa cha Uingereza. Katika jambo hili naona Cobden alikuwa na haki, ingawa shaka ya wale wafanya kazi ilikuwa na haki pia. Mtu ambaye hana kura, na katika Uingereza ya wakati ule alipiga kura mwanamume mmoja tu katika watano hivi, hana budi kumtazama kwa makini kila tajiri amwambiaye kwamba anamsaidia.

PEEL NA VIAZI

Waziri Mkuu tangu mwaka 1841 alikuwa Sir Robert Peel, kiongozi wa chama cha wenye ardhi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha pamba, na akili yake ilikuwa ya mtu wa hesabu. Yasimuliwa kwamba mwezi wa Machi mwaka 1845, Cobden alipokuwa akihutubu Bungeni, Peel alikuwa ameketi akiandika maneno ya kumjibu. Kisha aliikunja karatasi mkononi, akamgeukia mwenzake, akamwambia amjibu yeye, kwa maana Peel hakuliona jibu.

Mwaka huo huo ugonjwa wa kuozesha viazi uliingia Ayalandi, ambayo ilitawaliwa kutoka London. Nchi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na sehemu kubwa ya maskini wake walikula viazi asubuhi na jioni, mwaka mzima. Walikuwa wapangaji wa vijishamba vidogo: nafaka waliyoilima ilikwenda kulipa kodi, nao wakaishi kwa viazi. Peel aliona kwamba hawezi kuwaacha watu wafe huku sheria imeufunga mlango wa nafaka. Mwezi wa Novemba aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani ya pauni 100,000. Sisi tulao ugali tutashangaa kusikia kwamba Waayalandi hawakujua la kuyafanyia: vinu vyao havikuweza kuyasaga vema, waliyapika nusu, yakawaumiza matumbo, nao wakayaita kwa jina la dhihaka lililoyafananisha na kiberiti cha Peel.

Kisha Peel alilipelekea Bunge shauri la kuiondoa Sheria ya Nafaka. Chama chake kilipasuka vipande viwili. Theluthi mbili ya wajumbe wake walimpinga, naye akashinda kwa kura za wapinzani wake wa zamani. Tarehe 25 Juni 1846 Baraza la Mabwana lilikubali, na usiku ule ule wajumbe wenye hasira wa chama chake waliungana na wengine kumwangusha Peel katika shauri jingine. Siku chache baadaye alijiuzulu. Ushuru ulipunguzwa hatua kwa hatua, na tangu Februari mwaka 1849 ikabaki shilingi moja tu. Peel alikufa mwaka 1850 baada ya kuangushwa na farasi, na wafanya kazi walichanga peni moja moja ili ajengewe ukumbusho.

PALE UHURU ULIPOPUNGUKIWA

Kama habari hii ingeishia hapo ingependeza, lakini isingekuwa kweli. Serikali iliyomfuata Peel iliyashika mawazo ya uhuru wa biashara kama mtu ashikaye mafundisho ya dini bila kuyafahamu. Katika mwaka 1846 viazi viliharibika tena, vibaya kuliko mara ya kwanza. Wakubwa wa London walisema kwamba Serikali isinunue chakula tena, kwa kuwa wafanya biashara watakileta. Na kweli walikileta: katika mwaka 1847 mahindi mengi sana yalifika bandarini na bei ikashuka. Lakini yalikuja baada ya majira ya baridi, na maelfu walikuwa wamekwisha kufa. Na hata yalipokuja, mtu aliyepoteza viazi vyake hakuwa na senti ya kununulia. Wakati huo huo shayiri na ng'ombe wa Ayalandi walipelekwa Uingereza kuuzwa, wakilindwa na askari.

Soko husikia sauti ya fedha. Mtu mwenye njaa asiyekuwa na fedha, soko halimsikii. Jambo hili lilikuwa limekwisha kujulikana na marafiki wa uhuru wenyewe. Mfaransa Turgot, aliyeitetea biashara huru ya nafaka kabla ya Smith, alikuwa mtawala wa jimbo la Limoges wakati wa njaa ya miaka ya 1770. Hakuwazuia wafanya biashara wasinunue wala wasiuze. Lakini alifungua kazi za barabara, akawalipa maskini ujira, ili nafaka ikija wawe na cha kuinunulia. Alizitenga kazi mbili hizo: kuacha njia wazi, na kutia kitu katika mkono mtupu. Katika Ayalandi wakubwa waliishika ya kwanza, na ya pili wakaifanya kwa kuchelewa na kwa ubahili. Katika mwezi wa Julai mwaka 1847 majiko ya Serikali yaliwapa watu milioni 3 chakula kila siku, ushahidi kwamba iliwezekana. Kisha yakafungwa mwaka ule ule. Watu wapata milioni moja walikufa katika miaka ile, na zaidi ya milioni moja walihama. Sensa ya mwaka 1851 ilikuta watu milioni 6 na nusu.

Na wakulima wa Uingereza je? Msiba walioutabiri wenye ardhi haukuja upesi. Kwa miaka 25 hivi walistawi, wakatia mifereji na mbolea mashambani. Baada ya miaka ya 1870 reli za Marekani na meli za mvuke zilileta ngano kwa bei ambayo hakuna aliyeiota, na wilaya za ngano zikaumia kweli. Kodi za mashamba zilianguka, na vibarua wengi walihamia mijini au ng'ambo. Asemaye kwamba uhuru wa biashara haumdhuru mtu hasemi kweli.

MAHINDI YETU

Hapa Kenya mlango wa nafaka uliwekwa mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mahindi ya kuuzwa yaliwekwa chini ya mnunuzi mmoja wa Serikali. Walowezi walihakikishiwa bei, na mkulima Mwafrika alilipwa chini yao baada ya kukatwa fedha za hiki na kile. Hoja ilikuwa ile ile ya mwaka 1815: kumlinda mkulima na kuilisha nchi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 walowezi wengi waliondoka, lakini mlango ulibaki. Bodi ilifuata bodi, hata ikaundwa ile ya Taifa ya Nafaka na Mazao mwaka 1979, na mtu aliyetaka kuvusha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine alihitaji kibali. Palipokuwa na mahindi tele, mkulima aliuza kwa bei ya kutupa; palipokuwa na ukame, mama alinunua kwa bei ya kuumiza; na tofauti ya bei mbili hizo iliachwa njiani, kwenye vizuizi vya polisi. Vibali hivyo viliondolewa mwisho wa mwaka 1993.

Wako wasemao kwamba mlango ukiwa mpakani badala ya wilayani, humfaa mkulima. Yule mwenye ekari mia na trekta yake humfaa kweli. Lakini wakulima wengi wadogo wa nchi hii hununua mahindi kuliko wanavyouza: huuza magunia machache mavuno yakitoka ili walipe karo, kisha kabla ya mavuno mengine huingia dukani kununua unga kama karani. Swali la Cobden kule mnadani laweza kuulizwa kwao pia.

Tarehe 5 Machi 2021 wakubwa wa kilimo walipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania, kwa sababu ya sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, na masharti yakawekwa: mwenye kuingiza mahindi aandikishwe, awe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sharti la namna hiyo hata Adam Smith asingelikataa, ikiwa ghala za nyumbani zapimwa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika Ukambani, na mahindi waliyoyala mengi yalikuwa yamelimwa huko huko, katika mashamba yao wenyewe.